Miaka Saba ya Kutafuta Mkono wa Kuume

"Itabafukuza bageni, ninakuambia! Batu ya Marabo haiko batu ya kupokea chai na mukono ya kushoto!"

"Mama Osée, chai ni yako? Sukari ni yako?"

"Miye ninasema juu ya heshima."

"Heshima! Mutu anapanda juu ya ndoo ili aone mu lupango ya benzake, njo yeye anakuja kutufundisha heshima!"

Kweli, Bernadette, huyo Mama Osée, alikuwa juu ya ndoo. Ua uliotenga lupango hizi mbili, viwanja vya nyumba vya mtaa wa Saio, ulikuwa wa matete, mrefu kiasi cha kumficha mtu mwenye adabu, na Bernadette alikuwa ameipata dawa ya adabu zamani: ndoo ya rangi iliyopinduliwa, kila asubuhi, mahali palepale. Kahindo alimwona kuanzia kidevu kwenda juu, kama picha ya kitambulisho.

Upande wa Kahindo, Ketsia alikuwa anapakua maharagi. Kwa mkono wa kushoto. Ndivyo alivyozaliwa. Marehemu mama yake, dada mkubwa wa Kahindo, alimfunga ule mkono kwa kitambaa. Mtoto akajifunza kufungua kitambaa kwa meno. Mama alipokufa, Kahindo alimchukua, akamlea pamoja na mkono wake, na mtaa mzima ukamwita Kahindo mama Ketsia kama vile yeye ndiye aliyemzaa.

Sasa siku ya Posho, yaani Jumamosi, siku tatu tu mbele, jamaa ya Chris ilikuwa inakuja kutoka Marabo kupiga hodi kwa ajili ya Ketsia. Kila mtu anajua kanuni ya hodi hiyo. Wageni wakinywa chai, wakala chakula, mlango umefunguka. Wakinywa chai, kisha mkubwa wao akatazama saa na kusema njia ni mbaya, basi umekwisha, osha sahani zako zilizo safi. Chris alikuwa kijana mzuri, Ketsia alimpenda, na Kahindo alikuwa ameshacheza ile harusi peke yake jikoni mara nyingi.

"Mukono mutupu njo haurambwi," Kahindo akasema. "Ya Ketsia inakuja na chakula. Kushoto, kuume, tumbo haiulize."

"Muzee Evariste atauliza! Mujomba ya Chris, yule anapiga batoto juu ya mukono! Weye hauogope?"

Kahindo alikuwa anaogopa sana, lakini hiyo haikuwa habari ya kumpa mtu aliye juu ya ndoo.

"Mama Osée, unalia juu ya Chris. Mwaka uliopita ulimupitisha binti yako Orly mbele yake na rinda mupya, yeye akasalimia rinda, akaenda."

Hapo Bernadette akavuta pumzi ya kujibu, na majirani wawili wa nyuma wakaacha kufua ili wasikie vizuri. Lakini mlango wa nyumba yake ukafunguka, akatoka Osée mwenyewe, na soksi ndani ya ndara.

Ngoja kwanza, huyu Osée. Ni mtoto wa kwanza wa Bernadette, aliyekwenda Ulaya kusoma, na kwa miaka saba hakuna mtu wa Saio aliyenunua hata chumvi bila kusikia habari zake. Siku alipopata udokta, mama yake alichinja ng'ombe huku Bunia, na kuanzia hapo ukimwita Mama Osée bila kuongeza Dokta anakuangalia kama umemkanyaga. Kisha Osée akarudi. Watu walingoja gari. Akashuka na mfuko wa makaratasi. Siku ya pili mama mmoja akamletea mtoto mwenye homa, Osée akamwambia, "Pole mama, miye si dokta ya batu." Tangu asubuhi ile mtaa ulikuwa na swali moja, na hakuna aliyethubutu kuliuliza mbele ya Bernadette: sasa ni dokta wa nini?

"Mama, shuka," Osée akasema. "Mukono ya kushoto iko na ubaya gani?"

"Ubaya? Dunia nzima inajua!"

"Dunia?" Osée akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayejua jambo moja tu lakini analijua hadi mizizi. "Dunia, mama, inapenda kushoto. Njo kazi yangu hiyo."

Kahindo akahisi, kama mchuuzi anavyohisi mteja mwenye haraka, kwamba hapa pana kitu. Akasogea hadi kwenye matete.

"Dokta, papa yangu, eleza pole pole. Siye hatukusoma."

Naye Osée, ambaye tangu arudi hakuwa ameulizwa na mtu yeyote, akafunguka kama mfereji. Akasema vitu vyote vimejengwa na vipande vidogo, vidogo kuliko vumbi la vumbi. Vingine havidumu, vinavunjika vyenyewe, na vikivunjika vinarusha vipande vingine nje, na hivyo vinavyoruka vinajizungusha kama pia ya mtoto. Zamani wenye elimu waliamini kwamba ukiyatazama mavunjiko hayo ndani ya kioo, pale ambapo kushoto inageuka kuume, utaona jambo ambalo lingeweza kutokea hapa pia. Waliamini tu. Hakuna aliyepima. Siku walipopima, wakakuta kioo kinaonyesha jambo ambalo duniani halitokei. Nguvu inayovunja vile vipande inashika kushoto. Kuume haikujulikana ilipo.

"Na weye ulifanya nini kule?" Kahindo akauliza.

"Siye tunaitafuta hiyo kuume. Tunahesabu mavunjiko mengi, mengi sana, tunaangalia kama iko hata kidogo."

"Mukaiona?"

"Apana."

"Miaka saba?"

"Saba. Lakini tulionyesha kwamba kama iko, ni kidogo kuliko batu balivyofikiri. Hiyo ni matokeo ya maana, mama Ketsia!"

Kahindo akashika matete kwa mikono miwili ili asianguke. Mmoja wa wale waliokuwa wanafua akaanza kukohoa, kikohozi chenye furaha nyingi.

"Mama Dokta," Kahindo akasema kwa sauti tamu kama miwa, "mutoto yako alitafuta mukono ya kuume miaka saba, hakuiona. Na weye ulichinja ng'ombe. Sasa unataka miye niione hapa kwangu kwa siku tatu?"

Bernadette akashuka kwenye ndoo kabla ya ugomvi kwisha. Kwa miaka yote ya ujirani wao ilikuwa mara ya kwanza.

Lakini ushindi wa kwenye ua hauwezi kupika harusi. Jioni ile Kahindo alimsimamisha Ketsia katikati ya nyumba, akampa birika katika mkono wa kuume, na kuketi kama muzee Evariste, magoti mbalimbali na midomo imekunjwa. Ketsia alimimina vizuri kikombe cha kwanza. Cha pili kikakutana na mguu wa Kahindo.

"Mama mudogo, pole! Huu mukono ni kama wa mutu mwingine."

"Mwambie huyo mutu mwingine asituue," Kahindo akasema, mguu ndani ya beseni.

Walijaribu tena kesho yake, kwa maji baridi. Ketsia alimwaga juu ya mkeka, juu ya redio, juu ya paka. Na ndipo Kahindo, akiwa ameketi na sketi imelowa, akaukumbuka ule mstari wa Osée: ndani ya kioo, kushoto inageuka kuume. Ya vipande na mavunjiko aliyaacha. Hayo yalikuwa ya Ulaya. Alichukua kioo tu.

Kioo kikubwa kuliko vyote mtaani kilikuwa kwa Estelle, kwenye saluni yake ya kusuka nywele. Estelle ni mtu wa kuazima chochote akipewa sababu, na Kahindo alimpa sababu tatu zisizofanana. Kikaja juu ya moto, yaani pikipiki ya kukodi, Kahindo amekikumbatia nyuma ya dereva, mgongo kwa mgongo, uso wa kioo ukitazama njia waliyoiacha. Na kila aliyefuata nyuma yao njia nzima alijiona anakuja kugongana na nafsi yake. Polisi mmoja alijipigia saluti.

Walikisimamisha saloni, yaani sebuleni kwa Kahindo, ukutani, na viti vya wageni vikapangwa vikitazama kioo, migongo ikiwa kwenye mlango wa jikoni. Kahindo akaketi kwenye kiti cha mkubwa. Ketsia akaja kutoka nyuma na kikombe katika mkono wake wa kushoto, na ndani ya kioo, Mungu ni shahidi, alikuja binti mwenye heshima kabisa, kikombe katika mkono wa kuume.

"Eeeh!" Kahindo akapiga makofi. "Kumbe ile shule ya Osée iko na kazi!"

"Na bakigeuka nyuma?"

"Bageni habageuke nyuma. Kugeuka nyuma ni kutafuta jikoni, ni njaa. Batu ya Marabo banajiheshimu."

Siku ya Posho wakaja. Muzee Evariste mbele, koti la kijivu, fimbo, uso wa mtu aliyekula ndimu kwa ahadi. Nyuma yake shangazi wa Chris, mama mnene wa macho mepesi. Kisha Chris, amevaa tai inayomkaba. Kisha wajomba wawili wa kujaza viti. Upande wa nyumba Kahindo alimwalika Osée, ili saloni iwe na dokta ndani. Mama yake hakumwalika. Kwa hiyo dokta alikuwa kwenye kiti, na Mama Dokta alikuwa juu ya ndoo nyuma ya matete, akitazamana na dirisha la saloni lililo wazi.

Jikoni kulikuwa na samaki wa Kasenyi, sombe ya majani ya muhogo, kuku wawili na bugali iliyofunikwa. Harufu ilikuwa inapita saloni kila baada ya muda kama mgeni mwingine.

Salamu zikaenda vizuri. Maombi yakaenda vizuri. Ketsia akaingia na chai ya maziwa, na Kahindo akasimama kando ya kioo. Kikombe cha kwanza kikapita juu ya bega la muzee, akakipokea bila kugeuka, macho yake mbele kwa yule binti wa kioo. Akatikisa kichwa: vizuri. Cha pili kwa shangazi. Vizuri. Cha tatu, cha nne, cha Chris. Muzee Evariste akanywa taratibu, akijitazama, maana hakuna mzee asiyependa kujitazama akinywa. Kahindo akaanza kuwapangia wageni sahani kichwani.

Kisha shangazi akasema, "Papa Evariste, juu ya nini unakunywa na kushoto?"

"Nani? Miye?"

"Angalia mbele yako."

Muzee akaangalia. Yule mtu wa koti la kijivu aliye mbele yake alikuwa ameshika kikombe kwa mkono wa kushoto. Karibu naye, shangazi: kushoto. Wajomba: kushoto. Chris na tai yake: kushoto. Ukoo mzima wa Marabo, katika nyumba ya ugeni, mbele ya watu, ulikuwa unakunywa chai kwa mkono wa aibu.

Muzee Evariste akaliangalia lile jambo muda mrefu. Akauangalia mkono wake wa kweli. Akakiangalia kioo. Kisha akafanya kile ambacho watu wanaojiheshimu hawafanyi: akageuka nyuma. Ketsia alikuwa amesimama pale na kikombe cha Osée, katika mkono wake wa kushoto, wazi kama jua.

"Nilisema!" sauti ikatoka dirishani. "Nilisema miye! Balificha mukono mu kioo!"

Muzee akaweka kikombe chini. Kikombe kilikuwa kitupu. Akashika fimbo yake, akasimama, akatoka nje kwenye kiwanja. Wote wakamfuata, maana nani angebaki ndani? Kahindo alipita karibu na mlango wa jikoni, harufu ya samaki ikampiga usoni, na akajisikia kama mjane.

"Nani aliweka ile kioo?" muzee akauliza.

"Ni dokta alisema..." Kahindo akaanza.

"Miye sikusema!" Osée akaruka. "Miye nilisema juu ya vipande!"

"Ni miye," Kahindo akasema.

"Apana, papa, ni juu yangu," Ketsia akasema. Akasogea mbele ya mzee. "Mukono yangu ni hii. Ile ingine nilijaribu, nikachoma mama mudogo, nikamwagia paka. Siwezi kukudanganya tena. Kama munatafuta mukono ya kuume, dokta huyu alitafuta miaka saba."

Shangazi akaweka kiganja juu ya mdomo. Muzee Evariste akamgeukia Osée.

"Weye njo dokta? Basi nijibu. Yule mutu wa mu kioo, ninamuangalia chai nzima. Anakunywa na kushoto. Hakumwaga. Hakupaliwa. Chai yake iliisha pamoja na yangu. Miye na yule, tofauti iko wapi?"

Kila jicho likamwomba Osée neno moja. Sema hakuna. Chris alimwomba kwa nyusi, Ketsia kwa mikono, Kahindo kwa kila kiungo alichopewa na Mungu. Mtu wa mtaani, asiyejua kusoma hata bango, angesema hakuna, na harusi ingekuwa imepikwa.

"Tofauti iko," Osée akasema.

Kahindo akafunga macho.

"Ni kidogo sana, papa, lakini iko. Mu ndizi, mu maharagi, kuna kitu kinachoitwa potasiamu. Tunaikula, inakaa mu mwili. Sehemu yake ndogo haidumu: inavunjika. Hata sasa, weye ukiwa umesimama, ndani yako iko inavunjika. Na vile vipande vinavyoruka, vingi vinajizungusha kwa kushoto kuliko kwa kuume. Mu kioo ingekuwa kinyume: yule mutu, vipande vyake vingezungukia kuume. Mutu kama huyo hakuna duniani. Hatujamuona. Tulimutafuta."

Muzee Evariste aliliangalia tumbo lake, pale ambapo vifungo vya koti vilikuwa vinafanya kazi ngumu.

"Ndani yangu? Kushoto?"

"Ndani yako."

"Tangu lini?"

"Tangu kuzaliwa, papa."

"Miye." Akagonga kifua kwa kidole. "Miye nilipiga mikono ya bamudogo bangu, nikapiga ya batoto bangu. Huyu Chris nilimupiga mpaka akageuza." Chris akaangalia viatu vyake. "Na wakati wote tumbo yangu ilikuwa ya kushoto, ikinicheka?"

"Papa, lakini ile kushoto ni jina tu, haina uhusiano na mukono ya kugawa..."

"Kaa kimya, dokta!" watu wakasema pamoja, hata wajomba wa kujaza viti.

Muzee akainua fimbo, akaielekeza kwenye matete, pale ambapo kichwa kimoja kilikuwa kimetokeza kidevu juu.

"Na yule mama anayepiga kelele? Naye?"

Osée akamtazama mama yake. Alitaka kumhurumia, ilionekana. Lakini sayansi ilikuwa imekwisha kumshika ulimi.

"Na yeye. Mama yangu pia iko na potasiamu."

Shangazi ndiye aliyeanza. Alicheka kwa tumbo lake lote la kushoto, akamshika Kahindo begani, na kicheko kikamshika Kahindo, kikapita kwa wajomba, kikafika kwa wale majirani wa nyuma ambao siku hiyo hawakuwa hata na nguo za kufua. Muzee Evariste hakucheka. Alisubiri wamalize, kama hakimu. Kisha akampa Chris fimbo ashike, akakunja mikono ya koti, akanyoosha viganja vyote viwili mbele.

"Swali ya mwisho, dokta. Hiyo tofauti ya vipande, inaweza kuharibu samaki?"

Osée alifikiri. Kwa kweli alifikiri, alitazama juu, alionekana kupiga hesabu.

"Apana, papa. Haiwezi kupimika ku samaki."

"Basi. Mutoto, leta maji. Na mukono yako."

Ketsia akaleta birika na beseni. Akamimina kwa kushoto, mstari mmoja mwembamba, ulionyooka, bila tone hata moja kwenye kiatu cha mzee. Muzee Evariste akanawa hadi viwiko, polepole, ili watu waone. Kisha akaingia ndani, na wote nyuma yake, na kitu cha kwanza alichofanya ni kukigeuza kile kioo kitazame ukuta.

Kahindo akabaki nje kidogo. Alikuwa na mzigo mwingi wa furaha, na mtu mwenye mzigo hutafuta wa kumsaidia. Akaenda hadi kwenye ua. Bernadette alikuwa bado juu ya ndoo; kushuka kungekuwa kukubali, na kubaki kulikuwa kunaumiza miguu. Toka ndani ilisikika sauti ya Osée ikieleza ndizi, na shangazi akimwambia ale kwanza.

"Mama Dokta."

"Nini?"

"Orly iko wapi?"

"Mu nyumba."

"Muite, mukuje naye. Samaki ni ya Kasenyi, iko na mafuta, na kuku ni mbili." Kahindo akasogeza matete kwa mkono, pale palipokuwa na pengo ambalo wote wawili waliijua njia yake tangu zamani. "Pita hapa, dada yangu, uingie ule. Lakini ujue, njo Ketsia anagawa."